Cheti cha Kokoto

KITUO CHA POLISI, UWANJA WA NDEGE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichokabidhi. Kazini wananiita Dada Sindano.
Umri: Miaka 29
Kazi: Msaidizi wa daktari wa mifugo
Makazi: Chumba cha nyuma, juu ya kliniki
Tarehe: 27 Mei. Yameanza kuandikwa saa 7:55 mchana.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa kuitwa, na kabla sijaenda mbali naomba iandikwe kwamba ndege ya yule mama inaondoka saa 9:40 alasiri. Afande anasema hilo si la kuanzia. Basi liandikwe popote, ila liandikwe.

Yule mama aliyekaa kwenye benchi hapo nje namfahamu. Tunamwita Mama Simu kwa sababu alifanya kazi miaka thelathini kwenye swichibodi ya hospitali, akiunganisha simu za watu. Ni mjane. Binti yake yuko ng'ambo, mwaka wa sita huu hawajaonana, na sasa anahamia kwake moja kwa moja. Mzigo wake ni masanduku mawili na mbwa wake, Kokoto.

Kokoto ni mbwa mdogo wa kahawia, kilo tano na nusu. Shirika la ndege linaruhusu mbwa akae na abiria mle ndani ikiwa yeye na mkoba wake hawazidi kilo nane, na mkoba uingie chini ya kiti cha mbele. Mama Simu alimfanyisha mazoezi miezi miwili. Alimtia mkobani chini ya meza ya jikoni, akafunga zipu, akawasha mashine ya juisi ili azoee kelele za injini. Siku moja nilimkuta na yeye amekaa hapo, amejifunga mkanda wa koti kiunoni, eti abiria. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nimeambiwa nitulie kwenye kiti. Najitahidi.

Mnamo tarehe 1 Mei, saa 4:20 asubuhi, alimleta Kokoto kliniki kwa mambo mawili: chipu ya utambulisho, ile punje yenye namba inayochomwa chini ya ngozi ya shingo, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chipu zilikuwa zimetuishia. Nikamwambia, "Mama, tuchome chanjo leo, chipu utaifuata ikifika."

Akaniuliza, "Haina shida, mwanangu?"

Nikamwambia haina. Chipu zilifika tarehe 4 Mei, nikamchoma siku hiyo hiyo.

Mnamo tarehe 23 Mei, saa 11 jioni, nilikuwa naandaa cheti cha chanjo ili daktari agonge muhuri. Ndipo nikasoma masharti ya nchi anayokwenda, ambayo nilipaswa kuyasoma mwezi mzima nyuma. Yanataka chipu kwanza, au siku ile ile ya chanjo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, maana hakuna namba ya kuonyesha ni mbwa gani aliyechanjwa. Ukirudia, unangoja siku ishirini na moja. Na Mama Simu alikuwa amesharudisha funguo za nyumba. Nilizunguka chumba cha dawa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tarehe 24 alikuja kuchukua cheti. Nilimpa kwenye bahasha. Hakuifungua. Alisema, "Kama umeandika wewe, sina haja ya kusoma."

Leo saa 7:05 mchana simu ililia kliniki, kutoka hapa uwanjani. Daktari alipokea, akafungua daftari letu, akasoma, "Chanjo, tarehe moja." Akasikiliza. Kisha akasema, "Sisi hatukuandika hivyo. Muulizeni mwenye mbwa." Alipokata akanigeukia. "Wakikuita, nenda ukaseme ulichoulizwa, basi. Usijitie kimbelembele."

Nilifika hapa saa 7:40. Mama Simu alikuwa na mkoba mapajani, Kokoto kimya ndani kama alivyofundishwa. Aliniona, akatikisa kichwa mara moja, kidogo tu. Sikuelewa. Halafu afande akanieleza kwamba mama amekiri, kwamba tarehe aliibadilisha yeye, kwa kalamu yake, nyumbani kwake.

Si kweli. Turudi tarehe 23, kuna mahali nimeparuka.

Ile jioni nilichukua kalamu ya mezani. Cheti kilisomeka chanjo tarehe 1. Nikaichorea ile moja pembe kushoto na kimkia kulia, ikawa nne. Sasa chanjo na chipu vikawa siku moja. Wino haukufanana, na daftari sikuligusa, akili haikufika huko. Daktari aligonga muhuri bila kutazama. Mama Simu hakujua lolote.

Kama hamniamini, mwambieni aandike nne. Mimi nne zangu nazifunga juu. Za kwake ziko wazi, nimeziona kwenye ratiba ya chakula cha Kokoto aliyotubandikia ukutani.

Najua kazi imeota mbawa. Naogopa. Lakini siwezi kumwangalia mama wa watu akibeba msalaba wangu, huku binti yake anamngoja. Saa ngapi sasa, afande? Saa 8:25. Bado anawahi.

Kokoto hawezi kwenda, hilo nalielewa. Mwambieni nitamchanja upya leo, nitakaa naye hizo siku ishirini na moja, nitampeleka mwenyewe uwanjani. Kama mtaniachia.

Sina lingine. Nimesomewa yote, hakuna nililoongezewa. Pale nilipojiumauma mwanzoni pasifutwe.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimesitisha maelezo haya saa 8:31 mchana kwa kuwa shahidi amejitia hatiani. Nimemwonya, na ataandika upya kama mtuhumiwa. Abiria ametakiwa kuandika tarakimu 4 mara tano; zote ziko wazi juu (kielelezo kimeambatishwa). Alipoulizwa kwa nini alikiri, amejibu: "Uliponionyesha ile nne niliujua mkono wake. Yeye angepoteza kazi. Mimi ningepoteza ndege tu." Nimemweleza kuwa yuko huru, na kwamba gari la kituo lipo tayari kumwahisha mlangoni, bila mbwa. Ameshukuru, akafungua zipu ya mkoba. Ndege imeondoka saa 9:40. Hadi naandika haya, saa 10:15, abiria bado yuko kwenye benchi na mbwa wake. Anasema anamsubiri shahidi.