Nilishindwa Kumvua Mzee Koti

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi, lakini upepo wa baharini bado unagonga dirisha la chumba changu.

Leo nimekwenda kununua koti, na nimerudi bila koti. Hiyo ndiyo habari kwa ufupi, na ningependa kuishia hapo, kwa sababu mtu anayejitambulisha katika ukurasa huu kama mhitimu wa mipango ya maendeleo angepaswa kuweza kupanga ununuzi wa nguo moja. Lakini nilijiahidi kuandika humu ukweli, hata ule usionipendezesha.

Mimi ni mzaliwa wa Titye, wilayani Kasulu. Tangu Oktoba nipo Ureno kwa mafunzo ya miezi mitano ya usimamizi wa miradi ya maji. Wenyeji wanasema baridi ya hapa si kali. Mimi, niliyedhani kwamba baridi ya mwezi Juni ya Heru Juu, kule milimani kwetu, ilikwisha kunifundisha kila kitu, nalala na soksi jozi mbili.

Kuna mambo mawili ambayo sina budi kuyaeleza kwanza.

La kwanza ni koti lenyewe. Jumamosi ijayo mshenga wetu anatarajiwa kwenda Kitahana, wilayani Kibondo, nyumbani kwa Mzee Gervas, mwalimu mkuu mstaafu, kupeleka vitu vya posa ya binti yake Devota. Blanketi la bibi lipo. Vitenge vya mama vipo. Vyote amevinunua shangazi yangu Melania pale Kasulu mjini, naye ndiye anayeisimamia shughuli yote. Kilichobaki ni koti la baba. Hilo nilimkataza asilinunue. Nilimwambia, kwa sauti ambayo nikiikumbuka naona aibu, kwamba koti la baba mkwe wangu litatoka Ulaya.

La pili ni barua. Alhamisi mkuu wa mafunzo aliniita ofisini akanikabidhi bahasha. Ninaombwa kubaki hapa mwaka mmoja zaidi kama mtafiti msaidizi, na jibu linatakiwa Jumatatu. Hadi asubuhi ya leo Devota alikuwa hajui. Shangazi alikuwa hajui. Nilikuwa nimeitia bahasha chini ya mto kama mtoto aliyeficha andazi.

Nilitaka koti liwe zuri kiasi kwamba Mzee Gervas, akishalivaa, asikie habari ya mwaka mmoja na asikasirike.

Naam. Nilitaka koti linisemee.

Asubuhi nilipanda treni na mwenzangu Baraka, mtu wa Mwanza, ambaye mafunzo yake yamekwisha na Jumanne anarudi nyumbani. Yeye ndiye angelibeba koti na kulituma Kasulu kwa basi. Tulikwenda katika mji mdogo wa pwani ambao, kwa maelezo ya kila mtu darasani, ndiko wanakonunua watu wenye nafasi. Wazee wengi kutoka nchi za kaskazini hukaa huko miezi ya baridi wakiikimbia theluji ya kwao. Wanatembea polepole kando ya bahari, mikono nyuma, kama wakaguzi wa shule.

Tulipishana na mbwa aliyevaa koti lenye vifungo.

"Muha," Baraka akasema, "hata huyu keshapeleka posa."

Baraka hujiita mtani wangu, na kwa hiyo hunitania bila likizo.

Maduka ya mji ule yalinichanganya tangu mwanzo. Katika soko la Kasulu, mwenye duka hutundika kila alichonacho mpaka mlangoni, ili ujue kwamba anacho. Huku nilijifunza kwamba duka likizidi kuwa la fahari, vitu vinazidi kupungua. Dirisha moja lilikuwa na kiatu kimoja tu, tena cha mguu wa kushoto. Nilisimama pale nikijaribu kuelewa, mpaka Baraka akanivuta.

Koti tulilipata katika duka la nne. Lilikuwa la sufu, la kahawia iliyokolea, lenye bitana laini na mfuko wa ndani wa kutosha daftari. Nilipoliona tu niliwaza: hili ni koti la mwalimu mkuu. Kwa saizi ile lilikuwa limebaki hilo moja.

Dada wa dukani aliniuliza vipimo. Sikuwa navyo. Nilichokuwa nacho ni maneno ya Devota ya majuma kadhaa nyuma: "Baba mnalingana, ila yeye ana mabega kidogo." Dada akatabasamu, akalitoa koti kwenye kiango. Kama mnalingana, akasema, basi lijaribu wewe.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Shangazi alinilea kwa kunionya juu ya wakwe tangu sijajua hata maana ya neno lenyewe. Kiti cha mkwe hukikalii. Kitanda chake hukilalii. Nguo yake huivai. Sikuwahi kuuliza sababu, na leo, mbele ya kioo kile kirefu, mwili wangu ulikataa kabla akili haijashauriwa.

"Vaa tuondoke, mkuu," Baraka akasema.

"Siwezi. Ni nguo ya mkwe."

"Mkwe yuko Kibondo! Hili lina lebo ya dukani bado!"

"Hata hivyo."

"Yaani digrii unayo, pasipoti unayo, halafu unaogopa koti!"

Yeye mwenyewe hakuweza kunisaidia. Ni mrefu kama nguzo ya umeme. Mikono ya koti lile ingemkomea karibu na viwiko.

Karibu na kioo alikuwa ameketi mzee mmoja, mmoja wa wale wageni wa majira ya baridi, akimsubiri mke wake aliyekuwa akijaribu magauni upande wa pili. Alikuwa na kimo changu. Alikuwa na mabega. Nikamwendea na kumwomba kwa Kiingereza changu cha usaili, kwa adabu yote niliyonayo, kama angekuwa radhi kulivaa koti lile kwa dakika moja. Alifurahi kama mtu aliyechoka kukaa. Akasimama, akalivaa, akajinyoosha.

Lilimkaa kana kwamba fundi alikuwa amempima jana yake. Kwa muda nilimwona Mzee Gervas mwenyewe, amesimama mbele ya kanisa la Kitahana, watu wakimuuliza koti limetoka wapi.

Nilimpigia shangazi simu ya video ili alipitishe. Alikuwa uani kwake anachambua maharage. Alipoona mtu mwenye mvi kwenye simu, aliweka ungo chini, akainamisha kichwa na kuanza kupiga makofi taratibu, kama anavyowasalimu wakubwa kwetu.

"Mwidiwe! Mwidiwe, mzee!"

Yule mzee hakuelewa neno hata moja. Akapiga makofi na yeye.

"Huyo ndiye mwenye duka?" shangazi akaniuliza.

"Hapana, shangazi. Ni mteja tu. Nimemwomba ajaribu koti la baba mkwe."

"Kwani wewe huna mabega?"

"Si ulinifundisha kwamba nguo ya mkwe haivaliwi?"

"Nguo ya mkwe, ndiyo. Hiyo ameshapewa? Mpaka mshenga aliweke mikononi mwake, hilo ni koti lako, Fidelis. Jamani, shule imekufanya nini wewe?"

Baraka alilazimika kutoka nje ili acheke vizuri.

Swali la shangazi limenifuata siku nzima. Niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na mitatu kwenda shule ya bweni, na tangu hapo mila za kwetu nimekuwa nikizipata wakati wa likizo, vipande vipande. Ninazijua kama mtu anavyojua wimbo kwa kiitikio tu. Naitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, lakini beti sizijui.

Nilipokata simu, mke wa yule mzee alikuwa amekwisha kurudi kutoka kwenye magauni. Alimzunguka mumewe, akamgusa mkono wa koti, wakasemezana kwa lugha yao. Mzee akanigeukia, uso umemng'aa, akaniambia kwamba analichukua. Akanipa mkono. Akanishukuru kwa kumchagulia.

Nadhani alidhani mimi ni mfanyakazi wa duka. Sina hakika. Labda ni suti niliyovaa.

Baraka alikuwa amerudi ndani. "Mwambie avue!" akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Fidelis, mwambie ni lako! Umelitangulia wewe!"

Dada wa dukani alinitazama. Alijua kwamba nilikuwa wa kwanza, na alikuwa akingoja neno moja tu kutoka kwangu. Nikafungua kinywa. Lakini sijawahi maishani mwangu kumwambia mtu mwenye mvi avue alichovaa. Sijui hata sentensi hiyo huanzaje. Nilijaribu kuitafuta kwa lugha tatu.

Nilichosema ni: "Limempendeza."

Wakaenda kulipa.

Njiani kuelekea kituoni Baraka alikuwa akiyataja maduka mengine tuliyoyapita, hili lina makoti, lile lina makoti zaidi, na mimi nikawa natembea tu. Kilichonishangaza ni kwamba sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimepata nafuu. Yule mzee alikuwa ameondoka na kitu nilichotaka kukitanguliza ili nisiseme mwenyewe, na sasa sikuwa na cha kutanguliza.

Basi, juu ya benchi la kituo, nikampigia Devota. Yeye ni muuguzi Kibondo mjini, lakini mwishoni mwa juma hili yuko kwao Kitahana. Nilianza na habari ya koti. Alicheka mpaka akakohoa. Alinitaka nirudie pale pa makofi. Nikarudia. Kisha, akiwa bado anacheka, nikamwambia habari ya barua.

Kicheko kikakatika.

"Umeipata lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo."

Nilisikia hatua zake, kisha mlango. "Baba yuko hapa nje. Nampa simu umwambie mwenyewe."

"Devota, subiri kidogo, huo si utaratibu..."

"Haloo," ikasema sauti nzito.

Sijawahi kuzungumza na Mzee Gervas kwa simu. Nimewahi kukaa naye mara moja tu, nyumbani kwake, na siku hiyo alizungumza zaidi na mjomba wangu. Nikainuka kutoka kwenye benchi, nikafunga vifungo vya suti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huko mnapata mvua?"

"Tunapata, baba."

"Huku imepita kiasi. Maharage yanaozea shambani."

Nikampa pole ya maharage. Kisha nikaanza: nimepata fursa ya kuongeza muda wa kujijengea uwezo katika fani ambayo...

"Kwa kifupi, kijana."

"Wananiomba nibaki mwaka mmoja zaidi, baba."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Bado sijawajibu."

Nilisikia kuku, na mtu akiburuta ndoo.

"Basi mshenga asije Jumamosi," akasema. "Mimi namheshimu. Lakini nikimuuliza utarudi lini, hatajua. Na hilo koti unalolihangaikia, nimemsikia Devota akilicheka, siwezi kulihoji. Ukishajua unachotaka, uje uniambie wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Ukimkuta Devota bado yupo, tutazungumza."

Alisema bila hasira hata kidogo, kama mtu anayesoma ratiba ya mitihani. Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Hasira ningejua kuiombea radhi.

Simu ikarudi kwa Devota. "Umesikia," akasema. Nikajibu kwamba nimesikia. "Haya, fikiri," akasema, akakata.

Baraka hakunitania njia nzima ya kurudi. Nilitamani anitanie.

Nilipofika hapa nilimpigia tena shangazi Melania, kwa sababu ndiye atakayepaswa kumzuia mshenga. Nilitarajia anigombeze. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: "Na Devota mwenyewe anasemaje?"

Nikamwambia kwamba amesema nifikiri.

"Hiyo ni amri, Fidelis. Mimi nimekuuliza anasemaje."

Tangu saa hiyo nimemwandikia Devota ujumbe mara tatu na kuufuta mara tatu. Wa kwanza ulianza na "Napenda kukujulisha." Wa pili ulianza na "Kufuatia mazungumzo yetu." Wa tatu sithubutu kuunukuu. Yeye husema kwamba hausomi ukurasa huu kwa sababu naandika kama mtu anayeomba kazi, na leo nimekubali kwamba anasema kweli.

Nimeuliza mengi tangu nilipopata wazo hili la koti. Nimeuliza upana wa mabega ya baba yake. Nimeuliza ratiba ya basi la Kasulu. Nimemuuliza mkuu wa mafunzo kama posho ya mtafiti msaidizi inajumuisha nyumba. Devota sikumuuliza kitu. Nilikuwa nikimwandalia taarifa.

Kesho Jumapili misa ya kwanza ya Kitahana inatoka mnamo saa tatu, na yeye huchelewa kidogo kwa sababu ya kwaya. Saa nne ya kwao nitampigia. Sitaeleza chochote. Nitamuuliza yeye anataka nini, kisha nitanyamaza nisikilize, ingawa naogopa kwamba atanirudishia swali hilohilo, na mimi hadi sasa, ninapoandika haya, sijui nitamjibu nini.