Mchezo Umekubali, Jina Halimo

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba anakuja saa nne, mwonyeshe sinki la jikoni. Diski ya mchezo wa magari usiitoe kwenye kompyuta, nimehangaika nayo tangu alfajiri.

Ulijionea mwenyewe: kompyuta mpya iliikataa mara tatu, eti mchezo umepitwa na wakati. Binti yetu ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza ili ijifanye ya zamani. Muziki ulipolia ukatoka jikoni mbio, mikono imejaa povu. Ukatazama orodha ya washindi, ukauliza, “Mbona jina la mwanangu halimo?” Nikakujibu labda bado inafunguka.

Nilikudanganya. Diski imebeba mchezo mtupu. Ushindi wote wa marehemu mwanetu ulikuwa ndani ya kompyuta ile ya zamani, na mwezi uliopita, nilipokuwa nasafisha stoo, nilimpa fundi wa kompyuta aifumue atoe spea. Nimempigia sasa hivi. Anasema hakikubaki kitu.

~~Binti asiuguse mchezo huo.~~ Hapana, mwache acheze. Naye kafiwa na kaka.

Sikuwa na uso wa kukwambia, ndiyo maana nimeondoka ukiwa bafuni. Nikirudi jioni nigombeze utakavyo, nitakaa nikusikilize. Mimi niliona kompyuta mbovu tu, mke wangu. Sikujua kwamba mwanetu alikuwa amebaki humo.

Baba watoto