Miramula Miwili ya Uzunguni

Jumatatu, 3 Oktoba 1988
Maziwa saa moja, kama kawaida. Mama Leokadia huyaacha kwenye mlango wa nyuma, kisha hupumzika penye miramula miwili, ile mimea ya majani marefu membamba, katikati ya bustani yangu. Umri umekwenda, na mlima huu mkali.

Wiki ya tatu Uzunguni. Nyumba tisa, zote za wakubwa wa wilaya. Mabati mekundu, maua, mbwa. Watu husalimiana kwa honi. Mgomba hata mmoja hakuna; eti ushamba. Mimi bwana shamba, nami sijapanda.

Jumapili mkuu wangu wa kazi anakuja kula. Bustani za wenzangu ni ukoka mtupu. Yangu inatia aibu.

Jumatano, 5 Oktoba
Mvua nzuri. Tumepanda ukoka. Mke wangu Paskazia akauliza, na miramula je? Nikamweleza: huu mmea ni wa mipakani. Hapa palikuwa na vibanja vya watu, mashamba yao ya migomba, kabla ya serikali kuviunganisha. Mpaka umekwisha kazi. Mimi mtoto wa kijijini Chonyonyo, nifundishwe mipaka? Vibarua wameing'oa, wamesawazisha.

Alhamisi, 6 Oktoba
Maziwa hayakuja.

Ijumaa, 7 Oktoba
Hayakuja tena. Chai ya rangi. Nimekasirika.

Jumamosi, 8 Oktoba
Nimeshuka kwake. Alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nikatoa shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu umemtupa wapi, bwana shamba?"

Kibanja ilipo bustani yangu kilikuwa chao. Yustina, binti yake wa kwanza, alizikwa pale. Mramula mmoja kichwani, mmoja miguuni. Ya mpakani hupandwa mstari mzima, na mimi nalijua hilo tangu sijaanza shule. Niliona miwili nikajisomea mpaka. Nimejidharau.

Jumapili, 9 Oktoba
Mkuu amekula vizuri. Ameusifu ukoka. Mimi ndizi nimeziacha sahanini.

Jumatatu, 10 Oktoba
Nimekwenda Chonyonyo kukata vipande viwili vya mramula kwenye mpaka wa kaka yangu. Jioni Mama Leokadia akaja, mara ya kwanza kupitia geti la mbele. Nikamwomba anionyeshe mahali. Ukoka wote unafanana. Akazunguka mara tatu.

"Hapa. Labda."

Nikachimba na kuvipanda mwenyewe. Vibarua nao hawakumbuki mahali, nimewauliza.

Jirani, daktari wa mifugo, kauliza kutoka ng'ambo ya ua kama nagawa kiwanja. Nikamwambia pana kaburi. Akaingia ndani.

Alhamisi, 17 Novemba
Maziwa saa moja. Kipande cha kichwani kimechipua. Cha miguuni bado.

Mama Leokadia amekimwagilia. Kisha akasogea hatua nne hivi pembeni, kwenye ukoka mtupu, akasimama pale pia.

Nimewaambia vibarua upande ule wote wasifyeke.