Mawe ya Kanisa la Kina Luz

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Beltsville, Marekani, hatujambo. Baba yako kahamishiwa zamu ya asubuhi, na babu yako bado ananibishia kila habari ninayosoma.

Unaniuliza kama ugome kuingia katika lile kanisa la mawe ambalo ndugu wa mama yako huko Ufilipino wanataka kukuonyesha, kwa kuwa Wahispania waliwajengesha watu kwa shuruti. Ubishi huo umeurithi kwangu.

Nilipokuwa nasomea kilimo cha mpunga huko, rafiki yangu Luz alinialika kwao, bibi yake akitimiza miaka themanini. Kabla ya chakula ukoo mzima ulikwenda kanisani. Mimi nikabaki mlangoni, nikihutubia juu ya ukoloni. Bibi akatoka, akaushika mkono wangu, akaubandika ukutani. Luz akatafsiri.

"Mawe haya aliyabeba babu wa babu yangu. Mhispania hakubeba hata moja. Sasa wewe binti unamgomea nani?"

Kisha akanivuta kwa mkono huohuo.

"Basi ingia. Watu wana njaa, na nguruwe wa kuchoma anapoa."

Niliingia. Mezani alinipakulia kabla ya wajukuu zake, na hadi leo namshukuru, maana alinikosoa bila kunifukuza.

Ukoloni bado naulaani. Lakini kabla hujagoma, muulize bibi yako wa huko ni nani wa kwao aliyebeba mawe. Akishakujibu, mwache atangulie kuingia.

Wakumbatie wote kwa niaba yangu.

Bibi yako