Swali la Tisa kwenye Fomu ya Iddi

Salima mwenzangu,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini yako naijua, mimi ndiye niliyekuosha na kukuvisha sanda. Yangu ni nzima isipokuwa magoti. Mzee wetu, aliyekufuata mwaka uliofuata, msalimie. Huko zamu zote ni zako sasa na wala sioni wivu. Nilipokuwa nazo mimi nilizitumia vizuri, na yeye ni shahidi.

Nimeketi barazani hapa hapa Majengo, swala ya alasiri imekwisha. Nakuandikia kwa sababu ya mwanao Iddi. Nimeandika mwanao, nikataka kufuta niandike mwanangu, halafu nimeacha. Miaka yote tisa tangu uondoke amekuwa wangu, na nimejisifu naye sokoni mpaka wenzangu wakiona nafungua mdomo wanahamisha vikapu. Lakini leo ni wako. Kuna swali limekuja juu yake na jibu ulikwenda nalo.

Nikupe habari kwanza, usije ukasema nimekukimbilia na shida tu. Sabuni uliyokuwa ukiipangia foleni tangu alfajiri imejaa madukani hadi mwenye duka anakubembeleza. Vyama vya siasa sasa ni vingi, kila kimoja na kofia zake. Mitumba imetuvalisha sote, juzi nimemwona muuza mkaa kavaa koti la manyoya na jua hili la Dodoma. Lile shirika alilofanyia kazi mzee limeuzwa kwa mwekezaji, na geti lake limepakwa rangi ambayo hata jina lake silijui.

Wawekezaji hao hao ndio waliomchukua Iddi. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda pwani kutafuta kazi, akaipata Pangani kwenye hoteli ya watalii, kazi ya kuosha mitumbwi. Si mitumbwi ya kuchonga. Hii ni ya plastiki, mirefu na myembamba kama ganda la kunde, inaitwa kayaki. Mtu anaketi ndani miguu imenyooka mbele, anapiga kafi lenye bapa huku na huku. Kiunoni anavaa sketi ya mpira inayoshika ukingo wa tundu alilokalia, ili maji yasiingie. Ndiyo, sketi. Mwanao wa kiume anavaa sketi kazini na mimi namsifia.

Mama mmoja wa Kizungu anayeendesha shughuli ile akamwona ana nguvu na ana subira na watu. Akamfundisha kuogelea, kisha kupiga kafi, kisha kuokoa mtu. Sasa alikuwa anamwandaa apate cheti cha ualimu. Fikiria, Salima. Mtoto wa Dodoma, ambako mvua ikinyesha tunaambiana mtaa kwa mtaa, anamfundisha Mjerumani kukaa majini. Nilipopata barua yake ya kunieleza hayo nilifunga meza yangu ya karanga saa nne asubuhi nikazunguka soko zima. Mama Chausiku wa mtama akaniambia, "Bi Mkubwa, juzi ulisema ni nahodha." Nikamwambia nahodha anaongoza chombo, mwanangu anaongoza manahodha.

Mwezi uliopita akaja likizo. Mrefu, kaiva kwa jua la chumvi, shikamoo zake tele mdomoni kama zamani. Wanawake wa uani wakamzonga, tuonyeshe basi hiyo kazi. Akatandika mkeka, akaketi, akatunyang'anya mchi wa kinu ukawa ndio kafi. Akatueleza mtihani wa cheti ulivyo. Siku hiyo anapewa watu sita wasiojua kitu, awapeleke baharini na kuwarudisha. Mmoja anapinduliwa makusudi, naye amwahi, amnyanyue, amrudishe ndani ya mtumbwi wake. Na kabla ya kumfundisha mtu, lazima mwenyewe ajue kupinduka na kuinuka bila kutoka mtumbwini.

Akalala ubavu kwenye mkeka. "Hapa kichwa kiko chini ya maji," akasema. "Haraka ndiyo inayoua. Unatulia, unapanga kafi lako, halafu unajinyanyua kwa kiuno. Mikono inafuata tu."

Mama Chausiku akadakia, "Kumbe kiuno. Sisi tulifundishwa na kungwi, wewe umefundishwa na mzungu."

Tulicheka hadi kuku wakakimbia. Na kweli akainuka kwa kiuno, mara moja, laini. Wakataka arudie. Akalala tena, akasema, "Hapa kichwa kiko chini ya maji." Halafu akatulia.

Salima, alitulia.

Wenzangu walidhani anaonyesha namna ya kutulia. Mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wakaitikia, wakafika kumi na nane wakapiga makofi. Mimi niliyaona macho. Yalikuwa wazi na hayakuwa na mtu ndani. Mdomo ulikuwa unatafuna kitu ambacho hakipo. Kisha akapepesa, akaketi, akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mnapiga makofi?" akauliza. "Nimeshainuka?" Wakacheka zaidi. Mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Macho yale nilishayaona. Iddi alikuwa na miaka miwili, mchana wa jua kali tunaanika uwele, akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka. Ulimfunga mgongoni ukapanda basi kwenda kwenu Mpwapwa, ukakaa miezi miwili, ukarudi ukasema, "Amepona. Msiniulize." Sikukuuliza. Halafu akiwa darasa la pili nikamkuta kasimama na kikombe cha uji, uji unamwagikia kifuani naye hana habari. Nikakuita. Ukasema, "Anawaza." Na kila jioni ulikuwa unampa kidonge kidogo cheupe kutoka kwenye kopo la poda. "Cha minyoo," ulisema. Mwenzangu, mimi niliishia darasa la nne, lakini hakuna minyoo ya miaka kumi.

Ulipokuwa unaondoka ulinishika mkono ukaniambia, "Huyu sasa ni wako. Asije akaitwa mwenye kifafa." Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kulisikia neno lile kinywani mwako. Nikakuahidi. Kopo lilikuwa tupu na sikujua pa kulijazia, wala kama lilihitaji kujazwa. Sikuona kitu tena miaka yote hii. Au sikutazama. Nilikuwa na kazi ya kumsifia.

Sasa fomu. Alipoondoka aliniachia karatasi ya cheti, sehemu ya mzazi, niijaze niitie posta. Maswali kumi. Swali la tisa linauliza: Je, mtoto wako amewahi kuanguka, kupoteza fahamu au kuugua kifafa? Alipoajiriwa mara ya kwanza ilikuja karatasi kama hii, na swali hilo hilo nililijibu kwa wino mzito: Hajawahi kuugua hata mafua, amekuzwa kwa uji wa uwele na samli safi. Nilijisifu kwenye karatasi ya afya kama niko sokoni. Kwa maneno yangu hayo wakamwingiza baharini.

Safari hii mkono uligoma. Nikitaka kuandika hapana, nawaona wale watu sita, watoto wa mama zao, mmoja kapinduka anamsubiri mwalimu, na mwalimu katulia. Au ni yeye mwenyewe yuko chini, sketi imemshika, na juu wapo wanaohesabu wakidhani anaonyesha. Nikitaka kuandika ndiyo, kazi imekwisha, na neno ulilolikimbia maisha yako yote limeandikwa na mimi. Na pengine sivyo. Pengine alikuwa amechoka na safari. Pengine daktari uliyempelekea kule Mpwapwa alikwambia ugonjwa umekwisha kabisa. Pengine alikwambia maji na moto huyu asivisogelee. Alikwambia nini, Salima?

Nilikwenda kutafuta. Hospitalini Mpwapwa walinipokea vizuri, msichana wa masjala akafungua makabati mawili akatoka na vumbi kichwani. Karatasi za miaka ile haziwekwi tena. Nikaenda kwa kaka yako Juma. Alinichinjia kuku, tukala, na nilipouliza akanawa mikono kabla hajashiba.

"Bi Mkubwa," akasema, "dada alituapisha. Kama hakukwambia wewe uliyekula naye sahani moja, mimi ni nani?"

Nikamweleza habari ya watu sita. Akasema, "Basi mwambie aache hiyo kazi." Hivyo tu, kama mtu anavyovua kandambili. Nikarudi Dodoma na swali langu lile lile, nimekaa dirishani, na kila aliyeniuliza kwenye basi nimetoka wapi nilimwambia nimetoka kusalimia ndugu.

Fomu nilikaa nayo siku nne. Nilimwomba Mungu. Nilikuja pale ulipolala nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo. Ungeniambia mimi peke yangu, hata siku ile ya mwisho, neno moja la yule daktari, ningelitunza. Najua ulikuwa unaogopa huu mdomo wangu. Ulikuwa na haki.

Siku ya tano niliandika, nakunakilia usome mwenyewe: "Mara ya kwanza nilisema uongo. Alianguka akiwa na miaka miwili. Mama yake mzazi alimpa dawa miaka kumi, sijui dawa gani. Mwezi uliopita nimemwona akipotea kidogo mbele yangu. Yeye mwenyewe hajui. Naomba asiingie baharini mpaka daktari amtazame. Ni kijana mzuri kuliko wote mtakaowapata." Hiyo ya mwisho haikuulizwa popote. Nimeshindwa kuiacha.

Nikaitia posta. Bahasha ilipoanguka nilipenyeza vidole kwenye tundu la sanduku nione kama bado inafikika. Haifikiki.

Kosa langu ni kwamba yeye sikumwandikia. Nilisubiri maneno yaje, na posta haikusubiri. Jana imefika telegramu: MAMA UMEANDIKA NINI WAMENITOA MAJINI NAKUJA JUMAMOSI. Leo ni Ijumaa. Mama Chausiku kaniona naisoma akauliza, "Mwalimu wa manahodha anasemaje?" Nikamwambia anakuja kutusalimia. Unaona, bado naendelea.

Sijui nianzie wapi. Nimejaribu tangu asubuhi, nachambua karanga nazungumza nazo. Nikimwambia anaumwa, atauliza tangu lini. Nikimwambia tangu lini, atauliza kama mama yake alijua. Nikimwambia ulijua, nimekuharibu wewe kwake, na wewe ndiye picha aliyoibandika ukutani juu ya kitanda chake kule Pangani. Nikimwambia hukujua, nimemdanganya tena. Na akiniuliza kama cheti atakipata siku nyingine, Salima, sijui. Sijui kama watampa dawa arudi, au watampa dawa na kumwambia akauze mtama. Anaipenda kazi ile. Alipokuwa anatueleza kumrudisha mtu ndani ya mtumbwi, uso wake ulikuwa uso ambao sijamwona nao tangu ulipofariki. Nimeuona, kisha nimeuzima kwa kalamu. Huenda nimemwokoa. Huenda nimemvunja bure, na hakuna atakayekuja kuniambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Nilikuahidi asije akaitwa jina lile. Nimevunja. Nakupa ahadi nyingine mahali pake, ndogo kuliko ile, ila hii naiweza. Sitamwambia ulimficha. Nitamwambia ulimpa dawa kila jioni kwa miaka kumi, hukukosa hata siku ulizokuwa hujiwezi kitandani, maana hilo nililiona kwa macho yangu na ni kweli. Akitaka kukasirika, atanikasirikia mimi ambaye ananiona. Nitakaa pale pale mpaka amalize, sitajitetea, na unajua kunyamaza kwangu kulivyo kazi. Jumatatu nitampeleka hospitali kuu. Daktari akiuliza mama yake ni nani nitasema ni mimi, nitaingia naye, na nitakachoulizwa nitajibu nilichokiona, basi, bila kuongeza.

Pumzika, mke mwenzangu. Usiku mmoja umebaki kabla basi lake halijaingia. Kama ipo njia yoyote ya kunijulisha alichokwambia yule daktari, nitalala mlango wazi. Kama haipo, lala tu. Nitampokea hivyo hivyo bila kujua.

Mimi wako,
Zuhura, Bi Mkubwa