Swali Ulilotaka Nimuulize Mhadhiri

Mawe,

Leo nimemaliza kipindi, nimezima maikrofoni, na mkono ukaenda wenyewe kwenye simu kusubiri upige. Ni miezi saba, mama yangu, tangu tukuzike kijijini Izigo, na bado kila Alhamisi jioni nabaki pale studio, hapa Bukoba, nikingoja hukumu yako.

Wewe ndiye ulikuwa msikilizaji wangu wa kweli. Nilikuwa nawaleta wahadhiri wa sheria redioni wawaeleze watu yale wanayoyaandika vitabuni, nami nikijiona nimefanya kazi kubwa. Halafu unapiga, nasikia kisu kinamenya ndizi, unasema, "Huyu bwana kasoma sana, waitu. Nimemsikia. Sijamwelewa." Ulimsifu mmoja tu, yule mzee aliyeeleza fidia kwa mfano wa mbuzi aliyekula kahawa ya jirani. Tangu hapo nikawa nawaambia wageni wangu waongee na mama anayemenya ndizi Izigo. Walicheka, wakidhani nimekubuni.

Kisha akaja Dokta, yule dada aliyeandika tasnifu kuhusu wanawake wa Kihaya na urithi wa vibanja, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Safari hiyo ulipiga siku mbili kabla ya kipindi. Ulikuwa umeishi kwenye kibanja cha baba yako tangu ulipoachana na Tata, baba yangu, unapalilia migomba na kuchuma kahawa kwa ruhusa ya kaka yako. Binti akirudi kwao atalima, atakula, atazikwa, lakini kibanja kitabaki cha ukoo. Mimi ni wa ukoo wa Tata, kwa hiyo pale ni mgeni. Uliyajua hayo kuliko mhadhiri yeyote. Ukasema, "Muulize. Mimi nikifa, mwanangu akija kukata nyasi kaburini kwangu, atakuja kama nani?"

Nikakujibu kwamba hilo ni la nyumbani, kipindi ni cha kitaaluma.

Nilisema hivyo, Mawe. Kwa mdomo wangu. Ukasema, "Haya, ulizaneni ya kwenu wasomi." Sikujua kwamba ulikuwa tayari unaumwa, hukumwambia mtu. Dokta na mimi tukaongea saa nzima juu ya mila na katiba, tukapongezana. Jioni ile hukupiga.

Mjomba alikuzika vizuri, simlaumu. Uko nyuma ya nyumba, karibu na baba yako. Siku ya kuanua matanga nilipewa kanga zako na kile kisu. Ufunguo wa nyumba nikaukabidhi kwa mwana wa Mjomba mbele ya wazee, kama inavyotakiwa. Tangu hapo sijafika. Mara moja nilishuka pale njia panda, nikatembea hadi nikaiona migomba, nikageuza. Sikujua nikabishe hodi kwa nani.

Leo nimemrudisha Dokta. Nimemuuliza swali lako neno kwa neno, nikasema ni la mama yangu. Alisogeza karatasi zake pembeni. Akasema, "Nimesoma kesi nyingi za nani alime na nani auze. Kaburi sikuwahi kuliuliza." Kisha akaeleza polepole kwamba mila na katiba bado zinavutana, kwamba wasomi wenyewe hawajakubaliana, na kwamba mahakama ikikupa njia ya kupita haiwezi kukuandalia mtu wa kukupokea. Hakutumia neno moja gumu. Ungemwelewa, nina hakika.

Simu zikaita kutoka Kishanda, kutoka Muleba mjini. Mwanamke mmoja anayeanika dagaa kisiwani Goziba alipiga, hakuuliza kitu. Alitaka tu kusema kwamba naye ana mwaka wa tatu hajafika alipolala mama yake.

Simu ya mwisho ilinikuta nje ya studio. Ilikuwa ya Mjomba, na unajua asivyopenda maneno mengi. "Nimesikia redio," akasema. "Habari za kwetu umezitoa hadharani." Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. "Nyasi zimekuwa ndefu. Vijana walitaka kuzikata, nimewakataza. Zina mwenyewe." Akakata simu.

Nimekaa kwenye ngazi nikalia, watu wakipita. Kibanja si changu na sikidai, Mawe. Nilitaka tu kujua kama bado nina njia ya kuja kwako.

Nisamehe kwa lile jibu. Nakuahidi, hakuna msomi atakayetoka studio kwangu kabla sijamuuliza swali la mtu wa nyumbani, hata kama litamfunga mdomo, hata kama litanifunga mimi.

Pumzika. Jumamosi asubuhi nakuja na panga. Sitabisha hodi.

Mwanao.