Tangi Letu Halijapasuka

Mpendwa Baba,

Hilo neno la kwanza nimeliandika kwa mazoea tu. Mkono umezoea kukuandikia hivyo tangu nikiwa bwenini. Usidhani nimekaa chini kwa sababu nimekukumbuka. Nimekaa chini kwa sababu nina hasira nawe, na ulikufa ikiwa bado ina moto.

Siku ya kukuzika mchungaji alisimama akasema wewe uliwapa watu wa Kathonzweni maji. Watu wakaitikia amina. Akina mama wa mwethya, wale wanaosaidiana kazi kutoka boma moja hadi jingine, walikaa mbele na leso zao zinazofanana, na karibu kila mmoja wao alinunua tangi lako. Nikaanza kuhesabu ni wangapi matangi hayo yalikuwa yamewapasukia. Niliacha shangazi aliponishika mkono, akidhani ni huzuni.

Unakumbuka tangi la kwanza? Mimi nakumbuka yote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani kungoja matokeo. Wewe ulikuwa umeacha kazi kiwandani Nairobi, ukarudi na kalibu kubwa la chuma, lile umbo la kufinyangia matangi, juu ya lori. Ukachimba mahali pa moto nyuma ya jikoni. Tulimimina unga wa plastiki ndani ya kalibu na kulizungusha juu ya moto, mimi upande huu, wewe upande ule, ukiimba pambio ili tusipoteane mwendo.

Kabla ya kumimina ulinionyesha mifuko miwili midogo. Mmoja ulikuwa na rangi nyeusi ya kiwandani, laini kuliko poda ya mtoto. Mwingine ulikuwa na chembe nyeupe ulizoziita dawa ya jua.

"Mutheu, plastiki inakulwa na jua," uliniambia. "Hii ndiyo inazuia. Ukisahau hii, umeuzia mtu hewa."

Maneno hayo ni yako, Baba. Sikuyasoma popote.

Tangi lilipopoa ulilipiga teke, likatoa mlio mzuri, ukacheka mpaka ukakohoa. Halafu ukachoma mahindi kwenye makaa yaliyobaki na hindi la kwanza ukanipa mimi. Nilikupenda sana siku ile. Naliandika hili usije ukasema nimekuonea.

Kisha, baada ya matangi machache, ukaniambia dawa imeisha, na nyeusi ya kiwandani pia imeisha, na bei zimepanda. Ulinunua gunia la vumbi la makaa kutoka kwa wauza makaa wa sokoni. Nililitwanga kwenye kinu cha mama, Mwaitu wetu, nikalichekecha kwa chekecheo la unga wa ugali, na juma zima Mwaitu akalalamika kwamba uji wake una mchanga. Nilikuuliza kama makaa yatafanya kazi ya dawa.

"Nyeusi ni nyeusi," ulisema. "Jua itajuaje?"

Nikakoroga. Sikatai, mikono ilikuwa yangu. Matangi yalitoka meusi na yaking'aa, yakaenda Kambu, yakaenda hadi Matinyani, na watu walikuja kukushukuru mpaka nyumbani.

Msimu wa pili wa ukame la Mama Syombua likawa la kwanza kupasuka. Yule mjane wa ng'ambo ya mto mkavu, aliyekuwa akianzisha nyimbo za mwethya kwa sauti iliyosikika mpaka kwetu. Aliamka akakuta uwanja umelowa na tangi limefunguka kutoka juu mpaka chini, maji yote aliyokinga yamekwenda. Ulibeba pimamaji yako ya manjano, ile ya kupimia usawa kwa kipovu cha hewa, nami nikakufuata. Ukaiweka juu ya msingi wake mbele ya wanawake wote.

"Ona kipovu imekimbilia wapi," ulisema. "Mama Syombua, hii msingi ulijenga ukisinzia? Tangi inataka mahali sawa. Hii si tangi, hii ni wewe."

Yeye, aliyebeba mawe yale kwa mgongo wake, aliinamisha kichwa akakwambia, "Pole, mzee." Yeye ndiye aliyekuomba msamaha, Baba, nawe ukaupokea.

Ikawa ndiyo kazi yako. Popote tangi lilipopasuka, ulikwenda na pimamaji. Na hakuna msingi wa mawe Ukambani ambao kipovu hakikimbilii upande mmoja kidogo, hilo ulilijua vizuri. Watu wakajenga upya. Mama Syombua alijenga mara ya pili, akachukua tangi jingine, likapasuka nalo. Wenzake wakaanza kumtania kwamba hawezi kupanga hata mafiga. Akaacha kuanzisha nyimbo. Baadaye akaacha kusema lolote mkutanoni.

Mimi nilikuwa nimepata kazi kiwanda cha mabomba, Athi River. Mzee mmoja wa chumba cha kuchanganyia alinionyesha vipande viwili vya bomba vilivyokaa juu ya paa la kiwanda muda mrefu. Kimoja nilikipiga kwa nyundo kikaruka tu. Kingine alikibonyeza kwa kidole gumba kikavunjika kama biskuti.

"Hii haikupewa dawa," alisema.

Nikamuuliza, na je, mtu akiweka vumbi la makaa? Alicheka mpaka akaketi juu ya mfuko.

"Dada, hiyo ni uchafu tu. Hata afadhali usiweke kitu."

Mimi sikucheka. Nilimwomba vile vipande, nikaja navyo nyumbani kwenye mkoba, nikaviweka mezani mbele yako ukiwa unakula muthokoi. Ulivitazama. Ulijua mara moja ni nini, niliona usoni.

"Nani alikuuliza?"

"Baba, watu wanajenga misingi bure."

"Mutheu, kazi yako ilikuwa kukoroga. Si ulikoroga? Basi nyamaza. Niongeze chai."

Nikakuongeza chai. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara wake, na nikashika birika nikakumiminia. Miezi mitatu baadaye moyo wako ukasimama, na mimi nikabaki na vipande viwili vya bomba na mdomo uliofungwa.

Juma lililopita nilikuja likizo. Mwethya walikuwa wamekubaliana kujenga upya misingi yote kabla ya mvua, kwa heshima yako, ati wafanye sawasawa ulivyowafundisha. Niliwakuta kwa Mama Syombua asubuhi wakitoa mawe mtoni kwa magunia. Kwake ilikuwa mara ya tatu. Alikuwa amepiga magoti, miwani puani, pimamaji yako mbele yake, ambayo Mwaitu aliwaazima. Alikuwa akisogeza kijiwe kidogo chini ya ubao uliolazwa juu ya msingi, anatazama kipovu, anasogeza tena.

"Mutheu, kuja uone," aliniita. "Wewe ni mtoto wa fundi. Sasa iko sawa?"

Kipovu kilikuwa katikati kabisa.

"Iko sawa, mama," nilisema. "Hata ile ya kwanza ilikuwa sawa."

Akanitazama. Nikawaambia wote waweke mawe chini. Niliwaeleza dawa ya jua, makaa, kinu, chekecheo, na mikono yangu. Nilisema jina lako bila kulifunika. Mmoja alisema, "Aiyaa!" Mwingine akaniambia si vizuri kumsema marehemu. Mama Syombua yeye aliuliza kitu kimoja tu.

"Na ile yenu?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria, Baba. Miaka yote nimechota maji kwenye tangi letu na sikuwahi kujiuliza. Tulitengeneza letu wakati ule ule wa makaa, siku uliyonituma sokoni ukakoroga mwenyewe. Tukaenda wote mpaka nyumbani. Mama Syombua akaweka pimamaji kwenye msingi wetu, na kipovu kikaenda kujificha mwisho kabisa. Hukuwahi hata kuupima. Tangi juu yake zima, halina hata mkwaruzo. Nikaingia stoo, nikapekua nyuma ya kalibu, na pale palikuwa na ule mfuko mdogo wa chembe nyeupe, umefungwa kwa mpira wa baiskeli, umebaki zaidi ya nusu.

Haikuwa imeisha. Uliiweka kwa ajili yetu.

Ningeweza kukusamehe ujinga. Hata uchoyo, labda, nikizeeka. Lakini ulijua, ukatukinga sisi, halafu ukaenda kumwinamisha mjane kichwa mbele ya watu kwa kifaa cha fundi.

Mwaitu alitoka jikoni akiwa na unga mikononi. Akautazama ule mfuko, akanitazama mimi. Sijui alikuwa anajua kiasi gani, na sijamuuliza.

"Litoeni," alisema. "Mpelekeeni."

Tulifungua bomba, tukamwaga maji yaliyokuwamo kwenye migomba, tukaliangusha tangi na kulibingirisha mpaka ng'ambo ya mto mkavu. Katikati ya mchanga liligoma, na wanawake wakasimama kuvuta pumzi. Hapo Mama Syombua akaanzisha wimbo. Sauti yake inakwaruza kidogo, lakini ni ile ile.

Kesho naenda Kambu, kisha Matinyani, boma kwa boma, kuwaambia waache kujenga. Kiwandani nimeomba siku zaidi. Pimamaji nimemwachia Mama Syombua, na akikataa kuirudisha sitaidai.

Mvua ilinyesha jana. Tulikinga kwa sufuria na karai, na Mwaitu hakulalamika. Nilisimama mlangoni nikaona maji ya paa letu yakianguka juu ya msingi wako mtupu, yakikusanyika upande mmoja, kisha yakimwagika yote chini.

Lala, Baba. Mimi bado nina kazi.

Ni mimi binti yako, niliyekoroga.